Namba Sita Nyuma ya Ng'ombe

Nilitoka Tanga kwa basi, nikalala Dodoma, nikafika Tabora miguu ikiwa imevimba, na pale stesheni nikaambiwa treni ya Mpanda imechelewa na haijulikani itaondoka saa ngapi. Tuliisubiri. Ilipoondoka ilikwenda polepole, hata mtu angeweza kushuka, akanunua karanga, akapanda tena behewa la nyuma. Baada ya Kaliua ilikuwa miombo tu, mizinga ya nyuki juu ya miti, na vituo ambapo watu walishuka na magunia yao wakaingia msituni kama vile hakuna nyumba inayowangoja. Jirani yangu, mama mmoja mwenye kuku wawili kwenye kikapu, aliniuliza ninafuata nini Mpanda. Nikamwambia mpira. Alizitazama mvi zangu, kisha akalitazama goti nililolifunga bandeji.

"Wa kuangalia?"

"Wa kucheza, mama."

Alicheka mpaka kuku wakashtuka.

Aliyeniita alikuwa rafiki yangu wa sekondari. Tulicheza pamoja timu ya shule, yeye beki, mimi kiungo. Baadaye akawa mwalimu wa shule ya msingi, akapangiwa Mpanda, akaoa, akajenga mtaa wa Kawajense na kuanza kufundisha timu ya huko. Mimi sikukaa popote. Nimeuza viatu vya mtumba Moshi, nimebeba saruji Mtwara, nimechezea timu za mitaa kwenye miji mingine ambayo sikumbuki hata rangi ya jezi. Nilikuwa nakaribia arobaini aliponipigia simu kusema kwamba amepata kinda.

Jioni ya kwanza alinikalisha barazani akanionyesha video kwenye simu yake. Sikutegemea kuona mpira wa kikapu. Wamarekani warefu kama nguzo za umeme walikuwa wakikimbizana, na Mwalimu alikuwa akisimamisha picha kila mara.

"Huyu unamuona? Ana miaka kumi na tisa. Timu nzima imejengwa kwa ajili yake. Waliuza mastaa wao wote wakaanza upya na huyu mtoto. Sasa mwangalie huyu mzee."

Mzee mwenyewe alikuwa mnene kidogo. Hakugusa mpira. Alisimama tu njiani, adui akamgonga, kinda akapita akafunga.

"Kazi yake ni hiyo," Mwalimu alisema. "Kusimama. Na kwenye soka ni vilevile, timu kubwa zinafanya hivyo hivyo. Huwezi kununua watu kumi na mmoja. Unatafuta mtoto mmoja, halafu unatafuta watu wa kumbebea mizigo. Wewe ndiye huyu mzee, ndugu yangu. Namba sita, kiungo mkabaji."

Timu nyingine za ligi ya mkoa hazikufanya hivyo. Zilikodi mamluki. Mechi kubwa ikikaribia, basi lilishusha vijana wanne kutoka Sumbawanga au Kigoma, wakacheza, wakala, wakaondoka. Mwalimu alichoka na mambo hayo. Alitaka timu yenye mtu wake.

Mtu mwenyewe nilimuona kesho yake. Alikuwa mwembamba, hajafika miaka kumi na nane, akipiga kwa mguu wa kushoto tu. Alipokuwa na mpira alikimbia akiwa amenyoosha shingo, kama anayetafuta kitu mbali. Hakuwa na maneno. Wenzake walianza kuniita "babu" siku hiyohiyo, yeye peke yake akaniita kaka.

Tatizo lilikuwa kwao. Alikuwa mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia kutoka Shinyanga, na boma lao lilikuwa nje ya mji, upande wa Kakese. Yeye ndiye alikuwa mchungaji. Alitoroka kuja mazoezini, akirudi anachapwa. Mwalimu akaamua twende tukaongee na baba yake.

Mzee alitupokea vizuri. Mkewe alituletea maziwa ya mgando, tukanywa, tukasifia ng'ombe, ndipo Mwalimu akaanza kueleza kuhusu kipaji, na timu za ligi kuu, na watu wanaozunguka nchi nzima kutafuta vijana wa namna hii. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, Mwalimu. Na ng'ombe watachungwa na mpira?"

"Tutaleta mtu, mzee wangu. Siku za mazoezi na siku za mechi, mtu atakuja kushika nafasi yake."

"Mlete mtu. Siyo maneno."

Ndivyo ratiba ya timu yetu ilivyopata nafasi ya kumi na mbili. Wa kwanza kupelekwa alikuwa winga wa kulia, dereva wa bodaboda, ambaye alisema kazi ya kuchunga haina ujanja wowote. Alikwenda na pikipiki. Aliwazungukia ng'ombe akipiga honi, wakatawanyika, nusu yao wakaingia kwenye mpunga wa watu. Kipa wa akiba alikaa kivulini, alipoinua macho akaona nyasi tu. Ikawa kesi kila wiki. Mzee akampigia simu Mwalimu: "Timu yenu nzima haiwezi ng'ombe. Nirudishieni kijana wangu."

Basi nikaenda mimi. Sikuwa najua lolote la ng'ombe. Nilichojua ni kutembea. Nilitembea nyuma yao tangu asubuhi mpaka jioni, walipogeuka nikageuka, walipokunywa nikasimama. Jioni mzee aliwahesabu kwa macho, akakuta wametimia.

"Huyu kijana hakai chini," akamwambia mkewe. "Huyu aje."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia hivyo kama sifa. Mama yangu alikuwa akilisema neno hilo kwa kulia.

Nilipompa Mwalimu habari hizo aliikunjua orodha yake ya wachezaji. Alikuwa amenitoa Tanga nicheze nyuma ya kinda.

"Nimekusajili namba sita," alisema mwishowe. "Basi namba sita yako iko huko porini."

Nikacheza mechi chache tu, zile ambazo binamu za kijana walikuja kumsaidia mzee. Nyingine zote nilikuwa nyuma ya ng'ombe, na kijana alikuwa uwanjani, huru. Niliumia. Siwezi kusema moyo haukuniuma. Lakini jioni alikuwa akirudi mbio kutoka mjini, bado na jezi, ananipokea fimbo na kunieleza mechi yote njia nzima, yeye asiyekuwa na maneno, mpaka pumzi inamwishia.

Kiangazi kilipokaza, majani karibu na boma yaliisha. Ilikuwa lazima mifugo ihame kwenda kusini, bondeni, kwenye maji. Na juma lilelile ndipo tulipokuwa na mechi ya mwisho. Tukishinda ni mabingwa wa mkoa. Zaidi ya hapo, Mwalimu alikuwa ameahidiwa kwamba msaka vipaji wa klabu moja ya ligi kuu atakuwepo jukwaani, na hatakuja tena mwaka huo.

Mzee alisema ng'ombe hawasubiri mechi. Kijana hakubishana. Alianza kufunga virago vyake vya safari, shuka, sufuria, kibuyu. Nikamwambia aweke chini.

"Nitakwenda mimi, mzee."

"Huko ni mbali. Siyo kuchunga kwa kurudi jioni."

"Najua."

Akaniangalia goti. "Haya. Viatu vyako vibovu. Chukua vya kwake."

Vilikuwa makobazi ya tairi. Tuliondoka alfajiri, mimi na mzee, na siku ya mechi ilitukuta juu ya kilima ambapo simu yangu ilishika mtandao. Winga wa bodaboda alikuwa benchi, ameumia kifundo, ndiye aliyenipigia. Niliweka sauti kubwa.

"Babu, unanisikia? Tumeanza! Wale jamaa wameleta mamluki sita, sita babu, mmoja ana ndevu kama shehe! Dogo anaanza kushoto... anakwenda, anakwenda... wamempiga kiatu!"

"Wamempiga?" mzee akauliza.

"Kwenye mpira, mzee. Amenyanyuka."

Tulifungwa kwanza. Mzee alijifanya anatazama ng'ombe, ila alikuwa amesogea mpaka bega lake linagusa langu. Kipindi cha pili kelele zikajaa kwenye simu na mpigaji akawa haeleweki.

"Wanapigana?"

"Hapana, mzee. Wanashangilia. Ametoa pasi, tumesawazisha."

"Yeye kafunga?"

"Ametoa pasi."

"Kampa mwingine," mzee alisema, akatikisa kichwa, sikujua kwa furaha au kwa masikitiko.

Hapo fahali mmoja mwekundu akaanza kushuka kilima, na wengine wakamfuata. Nikainuka. Mzee akanishika mkono.

"Kaa. Sikiliza wewe." Akachukua fimbo yangu, akashuka mwenyewe akikimbia kwa miguu yake ya uzee, akipiga mluzi.

Mechi iliisha sare, na ubingwa ukaenda kwa wale mamluki. Jioni Mwalimu alipiga. Sauti yake ilikuwa imekauka. Msaka vipaji alikuwa pembeni yake, anataka kuongea na mwenye mtoto. Nikampa mzee simu.

Hakuuliza habari za mpira. Aliuliza atalala wapi. Atakula nini. Akiugua nani atakaa naye. Akiumia mguu nani atamrudisha nyumbani. Aliyeko upande wa pili alijibu kila swali, bila haraka, jambo ambalo mpaka leo namshukuru.

"Basi mchukueni," mzee alisema. "Ila mkimchoka, mnirudishie mzima."

Kijana aliondoka kwenda kikosi cha vijana cha klabu hiyo kabla hatujarudi. Makobazi yake nilibaki nayo.

Nilichunga mpaka mvua zikarudisha mifugo nyumbani. Mpwa wa mzee akaja kutoka Shinyanga kushika kazi, nami nikarudi mjini. Timu ilikuwa inafanya mazoezi, na bado walikuwa wakipiga pasi kushoto, kule ambako hapakuwa na mtu, kisha wanasimama wakitazamana. Mwalimu aliniomba nibaki nimsaidie kufundisha. Nikakubali kwa mdomo, na juma hilohilo nikakata tiketi ya kuondoka.

Siku ya kuondoka sikupanda treni, maana lami ya kwenda Tabora ilikuwa imekamilika. Mzee alikuja stendi na chupa ya maziwa. Alikuwa ameanza kwenda kwenye kibanda umiza, pale wanapoonyesha mpira kwa televisheni, siku za mechi, kumtafuta mwanawe kwenye benchi la akiba la timu kubwa, alikoanza kuitwa. "Nimemuona mara moja," aliniambia. "Kakaa tu. Lakini kakaa vizuri."

Basi liliposimama Inyonga, hata nusu ya njia ya Tabora bado, nilishuka kununua asali. Ujumbe wa Mwalimu ukaingia. Amepata kinda mwingine, Kapalamsenga, ziwani. Baba yake ni mvuvi na amekubali, ila anataka mtu wa kushika nafasi ya mwanawe kwenye mtumbwi. Akauliza nimefika wapi.

Nilisimama pale na chupa ya asali mkononi. Ng'ambo ya barabara pikipiki zilikuwa zimepangwa zikisubiri abiria, na nyingine zilikuwa zimeelekea Mpanda.

Nikamjibu kwamba nimeshapita Tabora, kisha nikapanda basi haraka nikakaa upande wa dirisha.