Mtani kaunga mkono tujenge bondeni

Leo mkutano wa kijiji hapa Mbwemkuru umevunjwa na mtu aliyeunga mkono hoja!

Hoja yenyewe ni viwanja vigawiwe kule bondeni, ambako mto ukijaa maji yanalala kwenye mahindi.

Kinara wa wanaotaka ni baba yangu mdogo. Tofali zake ziko kule tayari, jamani. Tumebishana mpaka koo zimekauka.

Mara akasimama Mzee Chilumba, mtani wetu.

"Mimi naunga mkono. Wajenge!"

Baba mdogo akapiga makofi kuliko wote. (Nikajua tumekwisha.)

Mzee akaendelea, uso mkavu kabisa:

"Sisi watani kazi yetu ni misibani kwenu. Mwaka huu hamfi. Ubwabwa tutaula wapi?"

Weee! Mkutano mzima hoi. Mwenyekiti anatuliza watu huku anacheka mwenyewe.

Baba mdogo mikono imebaki hewani.

Jioni hii nimemkuta anapandisha tofali mlimani kwa baiskeli. Anayemsukumia nyuma ni nani? Mzee Chilumba! Anasukuma huku analalamika:

"Umenidhulumu wewe. Ubwabwa wangu ndiyo huo unaondoka."

Watani zetu mliomo humu, poleni. Mwaka huu mtapika kwenu.