Kiti cha Kioo Kwenye Pua ya Ndege

Mimi ni mtu wa nyumbani. Majirani zangu hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, wananiita kuku wa mayai, kwa sababu wakipita asubuhi wananikuta mlangoni, na wakirudi jioni wananikuta mlangoni, tofauti ni upande wa kivuli tu. Kazi yangu inaniruhusu. Nina paneli mbili za sola juu ya bati, na watu huniletea simu zao nizichaji. Simu zikichajiwa hazitembei, na mimi sitembei. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba nimewahi kurusha ndege ya mabomu yenye injini nne juu ya milima ya kwetu Kivu, Kongo, ana haki ya kucheka. Hata mimi nilicheka mwanzoni.

Kompyuta niliachiwa na mwenzangu wa kambini aliyepata safari ya kwenda kuishi nje. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa urubani, ule unaokuketisha kwenye kiti cha rubani na dunia nzima ikawa chini yako. Mwezi wa kwanza niliendesha vindege vidogo na kuviangusha vyote. Kisha nikapata nyongeza ya bure iliyotengenezwa na watu wanaopenda ndege za zamani. Ilikuwa ndege ya vita ya enzi za babu zetu, yenye tumbo kubwa, na mbele kabisa, kwenye pua, kulikuwa na chumba cha kioo. Humo alikaa mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kutazama chini na kuangusha mabomu. Watengenezaji hawakuweka mabomu. Vingine vyote waliviweka, hadi kutu.

Siku nilipowasha injini zile nilikuwa nimeunganisha kompyuta na spika ya kanisa iliyoletwa kuchajiwa. Majivuno tu. Mlio ukajaa nyumba, bati likatetemeka. Nilipogeuka kutafuta wa kunisifu, dada yangu mkubwa hakuwepo. Namwita yaya, kama tunavyosema kwetu. Sufuria ya maharagwe nayo haikuwepo, moto wa mafiga ulikuwa unawaka bure. Nilimkuta kwenye mtama wa jirani, amelala kifudifudi, sufuria iko kando yake imefunikwa, mchuzi haujamwagika hata tone.

"Ni mchezo, yaya," nikamwambia. "Ni kompyuta."

"Ninajua ni kompyuta," akajibu, uso bado uko kwenye udongo. "Ni miguu njo haijue."

Tangu siku ile niliruka bila sauti.

Kwetu, juu ya ziwa, mwanamke alijulikana kwa weupe wa mihogo yake. Unailoweka siku tatu nne, unaimenya, unaianika juani, na kila saa unaigeuza, maana ukichelewa inapata madoa na unga unakuwa wa kijivu. Siku ninayotaka kuwasimulia, mnunuzi wa mjini alikuwa anakuja. Mikeka yetu ilikuwa imeazimwa na watu wa msiba, basi yaya akatoa shuka yake ya harusi, nyeupe kabisa, akaitandaza kwenye uwanja, akaanika juu yake. Zamu ya kugeuza ilikuwa yangu. Nilisema nina homa. Nimekuwa na homa kila siku ya kazi tangu utoto wangu. Kwa hiyo nilikuwa ndani, nimejifunika, na yaya ndiye aliyekuwa nje anageuza, ndege ilipotokea upande wa ziwa. Ilipita mara moja. Ikarudi, ikaangusha bomu. Mama alikuwa jikoni, hatua chache kutoka kwenye shuka. Yaya alirushwa mtaroni akabaki mzima.

Baada ya mazishi ya Mama wanawake wakaanza kusema, si kwa sauti, kwamba ndege ilifuata ule weupe. Wakati wa vita mtu anatandaza shuka nyeupe mahali pa wazi, alifikiri nini? Tulivuka ziwa, tukapita Tanzania, tukaingia Uganda kwa upande wa Ngarama, na maneno yale yaya alikuja nayo yote. Hapa kambini anaanika mihogo ndani, chini ya kitanda, juu ya plastiki nyeusi. Unga unanuka ukungu. Nimeula miaka yote hii bila kulalamika, na mnaonijua mnajua jinsi ninavyopenda kulalamika.

Siku chache baada ya kisa cha mtama, nikiwa angani kimyakimya, nikamsikia amesimama nyuma yangu.

"Ile fasi ya kioo," akasema, akionyesha mahali pale kwenye pua ya ndege. "Kuko mutu alikuwaka anaikala mule?"

"Ndiyo, yaya."

"Na alikuwa anaona chini?"

"Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake."

"Uniweke mule. Minataka kuona kama shuka inaonekana."

Nikabonyeza mahali pa kuhamia kiti cha pua. Skrini ikawa nyeusi. Nikabonyeza tena, nikazima, nikawasha, nikafanya yote wanayofanya watu wasiojua. Viti vingine vilifunguka, hata cha yule wa mkiani. Cha kioo kilikuwa giza.

"Amefunga dirisha," yaya akasema, akaenda zake.

Ndipo nikaanza kuomba msaada. Kulikuwa na jukwaa mtandaoni la wapenzi wa ndege za kale, wengi wao wastaafu wa nchi za baridi. Niliandika kwa Kiingereza changu cha sekondari. Nikaeleza kompyuta yangu, jua langu, paneli zangu, hali ya mtandao wetu, nikawasalimia wote na familia zao, nikasahau kuuliza swali. Wa kwanza alinijibu nisome kitabu cha maelekezo. Wa pili aliniuliza Nakivale ni kiwanja gani cha ndege. Wa tatu alikuwa mzee aliyesema baba yake aliwahi kukaa kwenye kiti hicho hicho, kwenye ndege ya kweli. Huyo alinishika mkono. Siku baada ya siku aliniambia fungua faili hili, tafuta mstari huu, badilisha namba hii, nami nikawa nabadilisha nyingine. Siku moja kwa msaada wake niliifanya ndege ikose mabawa. Akaandika, "Hii sijawahi kuiona, hongera."

Mwishoni akauliza kwa nini nakitaka sana kiti kile, maana hakina cha kufanya, mabomu hayapo. Ningeweza kumdanganya. Nilimwandikia habari ya shuka, ukubwa wake, na dada yangu aliyekuwa ameinama akigeuza mihogo. Nilipotuma nikajuta. Siku tatu hakuandika. Ya nne akasema ametengeneza upya kioo cha pua kwa kompyuta dhaifu kama yangu, na ameweka kitu kwenye mlima niliomtajia. Faili lilikuwa kubwa. Mtandao wa kambini ungelileta mpaka mihogo iote mizizi mipya.

Basi kuku wa mayai akaenda mjini Mbarara, kompyuta kwapani. Nilibadilisha shati mara mbili kabla ya kuondoka, kama mtu anayekwenda kuposa. Fundi wa kompyuta niliyeelekezwa alizaliwa kambi ya jeshi ya Makenke, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kilichonyooka kama amri.

"Hii kompyuta ni mzee kuliko mimi, sebo," akasema, akiniita bwana kwa lugha ya huko. "Wewe nataka nini ndani yake?"

"Ndege."

Akafungua faili, akatazama picha. "Hii ni ya bomu. Nyinyi bakongomani hamjachoka na bomu?"

"Tumechoka. Ndiyo maana ninataka kukaa kwa dirisha."

Akacheka, akafanya kazi. Lakini kioo kilipofunguka mbele yetu, ndege ikiwa juu ya nchi kavu ya kijani na hakuna sakafu chini ya miguu, aliacha kucheka. Alisogeza kiti chake nyuma, kidogo tu, kama mtu aliyefika ukingoni. "Huyu wa hapa," akasema, "yeye haendeshi kitu?"

"Haendeshi. Anamwambia rubani kushoto, kulia."

"Kumbe." Akafunga kompyuta mwenyewe, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Njiani kurudi nilipanga uongo wangu. Ulikuwa rahisi. Ningeruka juu sana, huko ambako milima yenyewe ni mikunjo tu ya nguo, na yaya angetazama asione shuka wala uwanja. Ningesema, umeona? Hakuna kitu. Angekuwa huru, tungeanza kula unga mzuri, nami ningerudi mlangoni kwangu.

Ilikuwa alasiri, betri imejaa. Yaya alikuja na kigoda chake na kitenge kipya, akakaa karibu na mimi kuliko kawaida yake. Nilikuwa nimekwisha kuiinua ndege. Nikafungua kiti cha kioo, akashika ukingo wa meza.

Ziwa likapita chini, kisha mchanga, kisha milima. Mchezo haujui kijiji chetu, umepaka kijani tu mahali pote. Tulipita juu ya mlima. Hakuna kilichoonekana.

"Umeona," nikasema. "Hata nyumba huioni."

"Iko juu mingi," akasema. "Ile siku ilikuwa chini. Nilihesabu magurudumu yake."

"Yaya, kwa usalama ndege hizi—"

"Mudogo wangu. Ile homa yako nilijua ni ya uongo. Na hii najua. Shuka chini."

Nikageuza kule kwenye maji na kushuka. Mlima ukaja tena, mkubwa sasa, na juu ya kijani kile kukatokea alama nyeupe. Ilikuwa ndogo kama punje ya mchele, halafu kama kipande cha sabuni, halafu ikawa shuka. Hakuna mtu ambaye asingeiona. Nilitamani kompyuta izime. Kwa miaka mingi nimeilaumu kwa kuzima hovyo, na siku hiyo haikuzima.

Yaya akaweka kidole kwenye skrini.

"Na huyu ni nani?"

Kando ya shuka kulikuwa na mtu. Yule mzee hakuniambia. Alikuwa amemchukua mfanyakazi wa uwanja wa ndege aliyemo kwenye mchezo, mwenye koti la rangi ya machungwa, anayeinua mikono kuita ndege ziegeshwe, akamsimamisha hapo kwa sababu nilimwandikia kwamba dada yangu alikuwepo. Hakuwa na sanamu nyingine. Kwa hiyo tulipita juu ya mtu aliyeinua mikono yote miwili, anatuita.

"Ni wewe," nikasema. "Nisamehe. Hakuwa na mwingine."

Nilidhani atalia. Alikunja uso kama anayepimiwa nguo isiyo yake. "Sikuinuaka mikono, mimi. Nilikuwa nimeinama." Kisha, polepole: "Lakini anaonekana kama ameinua mikono."

"Ndiyo."

"Kutoka fasi hii mutu anaonekana kama ameinua ao ameinama."

"Anaonekana, yaya."

"Pita tena."

Nikageuka, nikapita tena. Na tena. Kila mara alitazama bila kupepesa, midomo inasogea kama anayehesabu. Mara ya nne au ya tano akasema, "Juu ya sababu gani unaiweka katikati?"

"Nini?"

"Shuka. Kila mara unaiweka katikati ya kioo."

Nikatazama. Alisema kweli. Kioo kile kina mstari mwembamba katikati, na mimi, mtu wa kuchaji simu, nisiyeweza kuchinja hata jogoo, bila kuambiwa na mtu nilikuwa nimeinyoosha ndege kila mara mpaka shuka ikakaa juu ya mstari. Sikujua ninafanya hivyo. Ilikuwa kana kwamba kuna mtu ameegemea bega langu kunielekeza, kushoto kidogo, kulia kidogo.

"Sijui," nikasema.

"Sasa pita kando."

Tulikuwa karibu sana. Niligusa kitufe kimoja, kidogo, na bawa likalala. Weupe ule ukateleza kutoka katikati, ukaenda pembeni ya kioo pamoja na mtu wake wa machungwa, ukatoka. Mbele yetu kukabaki mlima wa kijani tu.

"Ni vile tu?" akauliza.

"Ni vile tu."

"Haikuwe kazi ya nguvu."

"Hapana, yaya. Ni kidole kimoja."

Akatikisa kichwa, si kwangu. Alikuwa anazungumza na mtu aliyekuwa ndani ya kile kioo, kwa sauti ndogo, ya kawaida, kama mwanamke anayemsema jirani aliyeacha mbuzi wake waingie shambani.

"Uliniona nimeinama," akasema. "Ulikuwa na kidole."

Nilisubiri aseme nizime. Alisogeza kigoda chake karibu zaidi. Ndege iliendelea yenyewe kuelekea milima ya nyuma, bila sauti, na sisi wawili tumekaa mbele yake ndani ya kioo, bega kwa bega, tukitazama nchi yetu isiyo na nyumba hata moja ikija, ikipita chini ya miguu yetu.