Makofi Yasiyo na Sauti

"Mkono usiouma unawezaje kufa?"

Baba aliniuliza hivyo mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Ilagala. Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, naye aliamini binti aliyesoma mpaka Dar es Salaam hawezi kukosa jibu.

Kilianza kulegea kidole gumba. Kisha nyama ya kiganja ikanywea, na misuli ya mkono ikawa inachezacheza yenyewe chini ya ngozi. Katika shamba la muhogo la kijiji, jembe likaanza kumponyoka mbele za watu.

Asubuhi moja akaja balozi wa nyumba kumi. Kwetu Waha, mtu mzima husalimiwa kwa makofi ya taratibu, naye huitikia vivyo hivyo. Balozi alipiga yake. Baba aliinua viganja, vikakutana bila sauti.

"Mzee, hata makofi unatubania?" balozi alisema, akicheka nusu. "Jembe hutaki, salamu hutaki. Watu wanasema humu tumefuga kupe."

"Kupe hunenepa," baba alimjibu. "Hebu nitazame."

Mimi niliyezoea kubishana na wahadhiri nilijiona najua kuliko wote. Chale za mganga nilizidharau, sindano za zahanati niliziona ni kubahatisha, kisha nikaleta imani yangu mwenyewe: mkono hulegea kwa kukaa bure, basi ufanyishwe kazi. Tena nilitaka wale watu wamwone analima. Kila asubuhi nilimfunga mpini mkononi kwa kipande cha kanga, alime matuta mawili kabla ya uji. Alilima kwa sababu nilisema mimi.

Siku ya tisa alianguka kifudifudi. Mkono ulikuwa umefungwa kwenye jembe, hakuweza kuukinga uso. Nilihangaika na fundo huku damu ya pua ikimwingia mdomoni.

"Taratibu, mwanangu," alisema. "Jembe la kijiji hilo."

Mvua zilizofuata ugonjwa ulikuwa umemfika kooni, uji haukupita tena. Mama alimpakata, mimi nikashika kijiko, na kila tulichomlisha kilirudi kidevuni. Tulimzika huko huko.

Miaka mingi baadaye daktari alinieleza kwamba katika ugonjwa ule mishipa ya fahamu inayoendesha misuli hufa kidogo kidogo, na kwamba chembe za kinga za mwili, ambazo mwanzoni huihudumia mishipa hiyo, baadaye huigeukia na kuharakisha kifo chake. Nilimsikiliza nikikumbuka kile kipande cha kanga nilichomfungia mpini.