Kopi Ishirini na Saba za Laini Moja

Kassiani wa steshenari, pale Mpanda mjini, hajawahi kumiliki karatasi moja maishani mwake. Kila karatasi inayoingia mikononi mwake huzaa. Cheti chake cha ubatizo kina kopi kumi na nne. Kadi ya kliniki ya mbuzi wake ina tatu, na mbuzi mwenyewe alishaliwa Krismasi. Ukimuuliza sababu, anakujibu kwa upole, "Mdogo wangu, karatasi ikiwa moja ni yatima." Kabla hujamaliza kucheka, ameshaichukua uliyoishika wewe na kuifunika na kifuniko cha mashine.

Tabia hiyo ndiyo iliyomponza kwa Pudensiana.

Pudensiana, ambaye mjini wanamwita Mama Vestina kwa jina la binti yake, ni mjane anayeuza migebuka mikavu kutoka Karema. Anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kigango cha Misunkumilo, na Kassiani, mgane wa miaka sita, ndiye mwenyekiti wa kwaya hiyo. Miaka miwili iliyopita Kassiani alimpenda mpaka akawa anasahau kula, akaamua kumwandikia barua ya posa. Sasa, mtu aliyechapa barua za watu za kuomba kazi na viwanja kwa miaka thelathini, unategemea aandike nini? Juu kabisa aliandika: YAH: OMBI LA NDOA. Kisha: Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Chini, baada ya sahihi, akaweka: Nakala, faili.

Na nakala ya faili akaitoa kweli, akaisahau kwenye trei ya mashine. Machibya, mfugaji wa Kakese, akaja kutoa kopi za kitambulisho, akakomba rundo lote. Kesho yake katika kikao cha wafugaji, katibu akaisoma barua nzima kwa sauti, katikati ya ajenda ya dawa za josho, akiamini ni ombi la mwanachama mpya. Barua yenyewe ilipomfikia Pudensiana siku ya tatu, wateja walikuwa wameshaanza kumpa hongera huku wakichagua samaki. Aliirudisha bahasha bila kuifungua. Tangu hapo alichomwambia Kassiani ni "Tumsifu Yesu Kristo" tu, na hata hilo kwa kuwa kumnyima mtu salamu ni dhambi.

Mwaka huu ukaja mwaliko kutoka Burundi. Aliyeutuma, Jean-Marie, alizaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, akaimba kwaya ya Misunkumilo utotoni, kisha akaenda Burundi wazazi wake waliporudi kwao. Sasa ni kiongozi wa kwaya ya parokia moja kule Makamba, na kwaya yake inatimiza miaka ishirini na tano. Akawaalika wenzake wa zamani. Kwa kuwa laini za nyumbani zingekata wakivuka mpaka, alimnunulia Kassiani laini ya safari, ile ya kisasa isiyo na kadi, akamtumia picha ya mraba wenye madoadoa.

"Mwenyekiti, hapa hakuna cha kuchomeka," alieleza kwa sauti ya WhatsApp. "Unausoma huo mraba kwa kamera ungali na mtandao, laini inaingia yenyewe ndani ya simu. Ukivuka unaiwasha tu, mimi nawaongoza mpaka kanisani. Ila ni ya simu moja, yako peke yako."

Kassiani aliisikia vizuri kabisa. Shida ni kwamba mraba ulikuwa ndani ya simu, na kamera iko kwenye simu hiyo hiyo. Alikwenda kwa kinyozi wa jirani akaiinua simu mbele ya kioo, ikampiga picha pua. Basi akaona hakuna njia ila kuuchapa mraba kwenye karatasi. Hapo alikuwa na haki, tusimwonee. Lakini karatasi ilipotoka, kidole chake kikaenda chenyewe kwenye mashine, kikabonyeza mbili, kikabonyeza sita. Pamoja na ile ya kwanza zikawa ishirini na saba: ya kwake, na moja kwa kila mwanakwaya. Akazilaminisha, akazitoboa, akazitia kamba za kuvaa shingoni.

Isidhaniwe ulikuwa ugonjwa tu. Kassiani alikuwa na mpango. Kwa siku tatu alikuwa akiandika ujumbe wa kumwomba Pudensiana msamaha, na safari hii karatasi hapana, aliikoma. Ungekwenda kwa WhatsApp, tena wakiwa Burundi, mbali na masikio ya Mpanda. Sasa Pudensiana angeupokeaje bila laini? Na angempa yeye peke yake, watu wangesema. Kwa hiyo alimpa kila mtu. Lile neno la simu moja hakulijali; kwake kitu chenye kopi hakiwi kimoja.

"Someni hivi vitu nyumbani, kwenye mtandao mzuri," alitangaza baada ya mazoezi. "Mimi nitasoma wa mwisho. Kiongozi hula mwisho."

Wanakwaya wengi walikuwa na simu ndogo za kitochi, au simu zisizojua laini ya namna hiyo. Kadi zile walizivaa tu, zikawapendeza. Simu mbili ndizo zilizoweza: ya mwenyekiti, na ile ambayo Vestina alimnunulia mama yake.

Siku ya safari, walipofika Manyovu mpakani, kabla ya kuvuka, Kassiani aliona wakati wa kiongozi kula umefika. Akaelekeza kamera kwenye mraba wake. Simu ikamwambia: laini hii imeshatumika. Akaupangusa mraba kwa leso. Imeshatumika. Akautemea mate kidogo, akasugua. Imeshatumika. Ndipo akapita kiti kwa kiti ndani ya basi lao dogo la Koster, akisoma shingo moja baada ya nyingine, wanakwaya wakiinua videvu kama wanaopimwa tezi. Shingo ishirini na tano, jibu moja. Pudensiana, aliyekaa kiti cha mbele nyuma ya dereva, aliifunika ya kwake kwa kanga.

"Yangu iko sawa," alisema, akageukia dirisha.

Wakavuka. Mtandao wa nyumbani ukakata kwa wote, Kassiani akabaki kiti cha nyuma na simu yake, na ujumbe wake ukiwa tayari. Aliutuma hivyo hivyo kwa ukaidi. Kikatokea kile kisaa kidogo cha kusubiri, kikakaa.

Mbele kidogo barabara ikagawanyika. Dereva Yunus akasimamisha gari.

"Mwenyekiti, kulia au kushoto?"

Kassiani akasimama, akaiinua simu juu mpaka ikagonga paa. Akatoa kichwa dirishani. Watu wakaanza kunong'ona. Mzee mmoja wa besi akapendekeza wasali. Mara ikasikika sauti ya Jean-Marie, ambaye Pudensiana alikuwa amempigia WhatsApp, kutoka kiti cha mbele, safi kabisa: "Mama, kateni kulia, halafu nyoosheni. Na ratiba ya misa nimemtumia mwenyekiti, mwambie aifungue, kuna nyimbo zimebadilika!"

Yunus akakata kulia, na gari zima likaelewa ni nani aliyeila laini. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, Kassiani akamtazama, akaacha. Aibu aliyoisikia Kassiani ilikuwa kubwa, lakini ndani yake kulikuwa na furaha ya kijinga: angalau Pudensiana anao mtandao.

Pudensiana akazungumza bila kugeuka. "Njoo hapa nikuwashie hotspot. Isipokuwa ratiba, usifungue kitu. Bando ni langu."

Maneno yale, ukiondoa salamu na lile la Manyovu, yalikuwa ya kwanza kwa miaka miwili. Kassiani alitoka nyuma akishikilia viti, akakaa ukingoni kabisa, nusu ya mwili ikiwa njiani. Pudensiana akamtajia neno la siri, "migebuka", naye Kassiani akaliingiza. Simu ikaunganishwa. Ratiba ikaanza kushuka.

Na kile kisaa, ambacho alikuwa amekisahau kabisa, kikageuka alama mbili za vema.

Ting, ikalia simu ya Pudensiana.

Kassiani akatamani bando liishe. Halikuisha. Pudensiana akavaa miwani, akasoma polepole, midomo ikichezacheza, na mwenye maneno yuko palepale ubavuni anahesabu vifungo vya shati lake. Humo hamkuwa na YAH. Alikuwa ameandika: "Mama Vestina, nilikosa. Barua ilikuwa yako nikaigeuza tangazo la mnada. Ukinichukia una haki. Ila Jumapili ukianza kuimba mimi nasahau zamu yangu, na wiki nzima nyumba yangu ni kimya. Nisamehe."

Pudensiana alipomaliza akausoma tena. Kisha akabonyeza simu yake, na mtandao wa Kassiani ukapotea.

"Nimezima," alisema. "Miaka miwili unanitumia karatasi na mashine. Sema kwa mdomo."

Yunus akazima redio.

"Nakuomba msamaha, Pudensiana," alisema Kassiani. "Nilikuaibisha mbele ya watu. Najuta mpaka leo."

"Unadhani nilikasirika kwa sababu watu waliisoma?" Macho ya Pudensiana yalikuwa yamelowa, jambo lililomkera mwenyewe. "Watu wa Mpanda wasome wanavyotaka. Nilikasirika kwa sababu waliisoma kabla yangu. Mwanamke anaposwa, ng'ombe wa Kakese wamesikia, yeye bado! Kama una neno, liseme nilisikie mimi wa kwanza."

Kassiani akalisema. Hakulipamba. "Nakupenda. Nataka tuoane."

Pudensiana akageuka nyuma kwa mara ya kwanza tangu Mpanda. Nyuso ishirini na tano zilikuwa zimejipanga juu ya viti, kadi zikining'inia shingoni.

"Nyie, hebu geukeni huko madirishani," akasema. "Nataka kumjibu mwenzenu."

Wakageuka wote, kwa heshima kubwa. Tatizo ni kwamba Yunus naye aligeuka. Koster ikaiacha barabara taratibu, ikaingia shamba la mihogo na kukwama katikati ya matuta kwa kishindo, masufuria ya kwaya yakaporomoka, sauti ya kwanza wote wakapiga kelele kwa noti moja. Hakuna aliyeumia. Na katika zogo lile, neno alilosema Pudensiana halikusikiwa na mtu yeyote, isipokuwa yule aliyeambiwa.