Trela la Shangazi Verla

Shangazi yangu Verla Stokke alipika katika shule ya mji wetu kwa miaka thelathini, lakini ukimtaja hapa Idaho hakuna anayekumbuka chakula chake. Wanachokumbuka ni pikapu yake ya kijani ya mwaka 1976, na trela la farasi alilolivuta kila Oktoba kwenda kambi ya kuwinda kulungu ng'ambo ya mlima. Aliushika usukani mwaka ambao mumewe Arlo alivunjika mkono, na Arlo hakurudishiwa mpaka anaingia kaburini.

Sote alitufundisha yeye. Gia unaiweka kabla mteremko haujaanza, ile ile uliyopandia. Breki unaikanyaga kidogo, unaiachia. Wanaoikanyaga tangu juu hadi chini alisema wanakaanga breki, na aliwacheka bila huruma.

Mwaka juzi alikuwa na miaka sabini na tatu, na goti lake la kushoto lilikuwa limevimba tangu kiangazi. Kaka yangu Curtis alimwomba amwachie trela alivute kwa gari lake jipya. Verla alimwambia kwamba hilo si gari, ni sebule yenye magurudumu. Nilicheka nikapanda naye, mjinga mimi, maana asubuhi ile nilimwona akishindwa na ngazi za nyumba yake mwenyewe.

Tulipanda kwa gia ya pili bila shida. Kileleni barabara ni tambarare kidogo, akaingiza ya tatu, nikamwona anauma meno. Hapo juu huwa tunasimama kuwatazama farasi na kunywa kahawa. Hakusimama. Mteremko ukaanza tukiwa bado kwenye ya tatu, mguu wake wa kulia juu ya breki.

"Shangazi, gia," nikasema.

"Nyamaza, Denise. Nimeendesha hapa wewe bado unanyonya."

Nikanyamaza, na hilo najilaumu hadi leo. Baada ya kona tatu harufu ya breki iliingia ndani, kisha pedali ikaanza kuzama. Kulia kwetu palikuwa na uwanja wa changarawe ulioinuka kidogo. Akaiingiza pikapu humo, ikasimama, injini ikazima kwa mshtuko kwa sababu hakukanyaga klachi. Farasi walipiga mateke ukuta wa trela.

Curtis, aliyekuwa nyuma yetu, alikuja akipunga moshi kwa kofia. Akasema breki zimekufa, pikapu kuukuu ndivyo zilivyo. Alikuwa amempa shangazi njia ya kutokea. Angeitikia tu, yaishe, na mwakani arudi tena kwenye usukani atuue.

"Breki nzima hizi," Verla akasema. "Nimezikaanga mwenyewe. Mguu haukanyagi klachi tena."

Curtis akaanza kueleza jinsi trela litakavyofungwa kwenye gari lake. Verla alishuka, akaizunguka pikapu akishikilia boneti, akasimama mlangoni kwangu mpaka nikasogea kwenye usukani.

Tulisubiri zaidi ya saa nzima breki zipoe. Nilipowasha aliniambia niweke gia ya pili kwanza, na tangu hapo akanigombeza kila kona: napita katikati mno, nakanyaga mno, naogopa mno. Niliogopa kweli.

Kambini trela huingizwa kinyumenyume kati ya misonobari miwili. Yeye miaka yote aliliingiza kwa mara moja. Mimi nilijaribu mara nne, Curtis na wenzake wamekaa juu ya magogo wakinipa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Lilipoingia nikazima injini. Verla alikuwa bado ameketi kwenye kiti cha abiria, mkono juu ya goti, machozi yakimtoka wala hayafuti.

"Mwakani iwe mara mbili," akaniambia. "Hawa wasipate cha kucheka."