Kioo Kilipogeuka Bluu Kambarage

Enzi zetu programu moja ikigoma, kompyuta nzima iligoma nayo. Vijana wa leo ukiwaambia hivyo wanadhani unawatania. Nakumbuka duka la shangazi pale mtaani Kambarage, la kuchapa na kutoa kopi: kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, harufu ya wino ikichanganyika na ya vitumbua vya Mama Shabani aliyekaangia barazani. Watoto tukitoka shule tulijazana mlangoni, kuangalia tu.

Jumamosi moja asubuhi alikuja jirani yetu, Mama Kulwa. Mumewe, mpakia mizigo wa bandari kavu ya Isaka, alikuwa anazikwa mchana huo, na wasifu wa kusomwa makaburini haujachapwa. Yeye akawa anasema, shangazi anachapa. Ukurasa ulipokaribia kuisha, shangazi akafungua picha ya marehemu aiweke juu. Kioo kikageuka bluu, maandishi meupe ya Kiingereza yakajaa.

“Yesu na Maria! Imekula yote,” shangazi akamaka.

Mama Kulwa akajiachia kwenye benchi. “Basi dada, sina nguvu ya kuanza upya. Azikwe hivyohivyo.”

Mama Shabani aliacha kikaango, akaingia na mikono ya unga. “Azikwe kimya kama hana watu? Washa hiyo mashine. Kazaliwa Songwa, andika.”

Dereva wa lori aliyekuja kutoa kopi akadakia, “Weka na ubishi wake wa mpira.”

“Na kukoroma,” akasema Mama Kulwa, akacheka huku machozi yanamtoka.

Hata sisi watoto tuliulizwa. Nikasema alikuwa akitupigia mluzi akirudi kazini. Shangazi akaandika. Makaburini uliposomwa, watu walicheka na kulia kwa pamoja, na mluzi ulikuwemo.

Shule niliiacha mapema, lakini udadisi haukuniacha. Nimezunguka machimbo ya Geita, na kila nilipopita nilikaa kwa mafundi wa kompyuta nikiuliza maswali hadi wanichoke. Kwao ndipo nilipoelewa. Ndani ya mashine ya shangazi, programu ziliishi kwenye kumbukumbu bila kuta za maana. Moja ikikanyaga sehemu ya nyingine, zote zinakufa. Siku hizi mfumo endeshi, ule unaosimamia programu zote, unaipa kila moja chumba chake na kufuli. Inayogoma inafungwa peke yake, nyingine hata hazisikii. Kijana anabonyeza “sawa” bila kusoma, anaendelea na muziki wake. Ni kazi nzuri, nakubali.

Nami nimepanga chumba cha namna hiyo Katoro. Juzi nililala na homa. Upande wa pili wa ukuta jirani alisikiliza redio yake, hajui kama nipo au sipo. Simlaumu, hatujuani hata majina.

Nilipopata nafuu niliwasha kompyuta yangu kuukuu, nikajaribu kuandika wasifu wangu mwenyewe. Mstari wa pili nikakwama, nikageuka kama mtu anayesubiri kusaidiwa. Hakuna aliyedakia. Nikahifadhi mistari yangu miwili. Siku hizi haipotei.