Mkono Chini ya Mlango

Simu ya mwenyekiti wa kitongoji ilinikuta Bariadi mjini, kwa fundi wa kuchomelea, nikisubiri baiskeli ya magurudumu matatu ya mzee mmoja asiyeweza kutembea. Mwenyekiti yule alikuwa na kawaida ya kusalimia kwa kirefu, habari za nyumbani, za kazi, za mvua. Siku ile hakusalimia.

"Mama ustawi, njoo. Wamekuja na gari. Wanamchukua mtoto."

Sikuuliza mtoto gani. Nilikuwa afisa ustawi wa jamii, na kwenye meza yangu mashauri ya watu wenye ulemavu hayakuwa machache, lakini lile lilikuwa halinitoki kichwani hata nikiwa napika.

"Mama yake yuko wapi?"

"Amejifungia ndani na mtoto. Ana panga. Shemeji yake anasema atavunja mlango."

"Waambie ofisi imesema wasubiri."

"Ofisi ipi, mama? Mtendaji yuko kwenye kikao, hapa niko peke yangu."

"Mimi ndiyo ofisi. Nakuja."

Nilimwachia fundi ile baiskeli, nikachukua bodaboda kuelekea Nkoma. Nilipiga simu polisi, dawati la jinsia, nikaelezwa kwamba gari limetoka lakini wangenifuata likirudi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, kisha jua likatoka. Ule udongo mweusi wa mbuga ukilowa unang'ang'ania tairi kama ugali wa moto, na mara kwa mara dereva alishuka kuchokoa tope kwa kijiti. Kila aliposhuka nilitamani kumfokea. Pande zote watu walikuwa mashambani wakipalilia pamba, wakinyanyua vichwa kututazama, nami nikawa nawaonea wivu kwa sababu kazi yao ilikuwa mbele ya macho yao na jembe lilikuwa mkononi.

Mama yule alikuwa kiziwi tangu utotoni. Homa ilimpata kabla hajajua kuongea, ikapita na masikio yake. Hakupelekwa shule. Kijijini walimwita Bubu, hata ndugu zake, kama vile ndilo jina alilopewa na wazazi. Aliolewa na kijana wa kijiji cha jirani aliyempenda kweli, na ng'ombe wa mahari wakatolewa kama kwa binti mwingine yeyote. Wakapata mtoto wa kiume. Mtoto hajaanza kutembea, baba yake akafa kwa ajali ya trekta. Matanga yalipoisha ukoo wa mume ukasema mtoto ni wao, mama arudi kwao, kwa kuwa asiyesikia hawezi kulea. Alirudi kwao kweli, nyumbani kwa mama yake mzazi, lakini alirudi na mtoto mgongoni.

Tulishakaa na pande zote mbili ofisi ya kata. Ilikubaliwa mtoto abaki kwa mama hadi shauri lisikilizwe na mkalimani wa lugha ya alama awepo. Shemeji yake, kaka wa marehemu, aliitikia kwa kichwa tu. Nilipaswa kujua kwamba kichwa chake hakikukubali kitu.

Yule mama kiziwi na mama yake mzazi walikuwa na lugha yao ya mikono, waliyoitunga wenyewe nyumbani. Mimi niliokota alama chache kila nilipowatembelea. Watu wote walikuwa na majina humo. Shemeji alikuwa tumbo, kiganja kikichora mduara mbele ya kiuno. Mama mkwe alikuwa mwanya wa meno. Mimi nilikuwa kidole kinachopita juu ya kiwiko cha mkono, kwa sababu hapo nina kovu refu la uji ulioniunguza nikiwa mdogo, kwetu Kiloleli.

Nilipofika, gari aina ya pikapu lilikuwa katikati ya uwanja, kati ya nyumba na zizi. Shemeji mtu alikuwa amesimama mbele ya mlango akiwa ameshika mtaimbo. Wanaume wawili wa ukoo wake walikaa nyuma ya gari. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni, kanga imefunika kichwa, na mama mzazi wa yule binti kiziwi alikuwa chini, ameegemea ukuta wa matofali, mikono mapajani. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa kati ya mlango na mtaimbo. Ni mtu mwembamba mwenye kikohozi, na sijui alipata wapi ujasiri ule.

"Mwadila, bamayu," niliwasalimia wale wanawake.

"Mwadila," mama mkwe aliitikia bila kuniangalia. Mwingine hakuitikia.

Shemeji hakungoja nimalize. "Dada, hapa hakuna kazi yako. Ng'ombe zetu zilitoka, mtoto ni wetu. Nenda kawahudumie walemavu wako."

"Huyu ni mmoja wao," nilisema. "Weka mtaimbo chini kwanza."

"Nikiweka?"

"Tutazungumza."

"Na nani? Na ukuta?"

Ndani mtoto alikuwa analia. Kilikuwa kilio cha kuchoka, kinachokatika na kuanza upya. Nilitambua jambo ambalo hadi leo linanirudia: sisi sote tulikuwa tunamsikia mtoto, na mama yake alikuwa hasikii hata sauti moja ya huku nje. Hakujua nimefika. Hakujua kama mtaimbo umeinuliwa au umewekwa chini. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia. Alichokuwa nacho ni ule mtikisiko wa mlango kila ulipopigwa, na walikuwa wameupiga vya kutosha. Nikiugonga mimi, kwake ningekuwa mmoja wao.

"Mayu," nilimwambia mama yake mzazi, "unamwitaje akiwa ndani?"

"Nakanyaga chini kwa nguvu. Leo nimekanyaga, hakufungua. Anadhani ni hao."

Chini ya mlango palikuwa na uwazi, mbao ilikuwa imeliwa na mchwa. Mkono ungepita. Mwenyekiti aliona ninachotazama, akasema taratibu, "Mama, ana panga."

Nililala kifudifudi pale kizingitini, kwenye tope. Nilivua saa, nikakunja mkono wa blauzi, nikapitisha mkono wangu ndani hadi juu ya kiwiko, kovu likiangalia juu. Sakafu ilikuwa baridi. Nilifungua kiganja ili aone hakuna kitu, nikangoja.

Kilio cha mtoto kikasogea. Niliona vivuli vya miguu, halafu ncha ya panga ikagusa sakafu karibu kabisa na vidole vyangu. Kila kitu mwilini mwangu kilisema vuta. Nilijilazimisha nisivute. Nikivuta ghafla atadhani nimemdanganya, na akidhani nimemdanganya hatafungua tena. Nyuma yangu mtu mmoja alicheka kidogo, kile kicheko cha woga.

Kidole kikagusa kiwiko cha mkono wangu. Kikapita juu ya kovu, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama anasoma. Kikapita tena. Kisha komeo likasogea.

Alitoka na mtoto amefungwa kifuani kwa kanga, panga mkono wa kulia. Uso wake ulikuwa umejaa jasho. Nilinyoosha mkono nikamwomba panga, naye akatikisa kichwa akimwonyesha shemeji yake, akachora lile tumbo. Nilimgeukia shemeji. "Wewe unaweka chako, yeye anaweka chake. Pamoja."

Alimtazama mama yake kwenye kigoda. Mama mkwe akasema, "Weka." Mtaimbo ukaanguka kwenye tope. Panga nikapewa mimi, nikalikabidhi kwa mwenyekiti.

Tulikaa chini palepale uwanjani. Nilisema hakuna atakayezungumza habari za mtoto huyu bila mama yake kuelewa kila neno, na nikamwomba mama yake mzazi atafsiri. Shemeji akaanza. Alisema mtoto akilia mama hasikii. Akiugua hatamsikia anavyopumua. Nyoka akiingia ndani, watu wakipiga yowe, yeye amelala. "Marehemu kaka yangu ameacha mtu mmoja tu duniani. Nimwache afe kwa sababu ya huruma?"

Sauti yake ilikatika kwenye neno marehemu. Hapo ndipo nilipomwona kama mtu anayeogopa.

Mama mzazi alianza kutafsiri. Mikono yake ilienda haraka. Nilikuwa naifuatilia kwa shida, na ghafla nikaona alama nilizozijua. Mtoto. Gari. Kisha jua likizama na kuchomoza, halafu kurudi. Alikuwa anamwambia binti yake kwamba mtoto anaenda kutembea tu, atarudi.

Binti alilegeza fundo la kanga. Alikuwa anamwamini mama yake.

"Mayu, subiri," nilisema. "Hicho sicho kilichosemwa."

Yule bibi akaniangalia. "Wewe unajua nini?"

"Umemwambia atarudi."

Shemeji aligeuza kichwa. "Amemwambia nini?"

Bibi alianza kulia, kwa Kisukuma, maneno yakimtoka yamebanana. Alisema yeye ni mzee. Alisema yeye ndiye masikio ya mwanawe na masikio hayo yanaelekea kaburini. Atakapokufa nani atamwambia mtoto ana homa, nani atamwambia mvua inakuja, nani atamwambia watu wanamtukana? Afadhali mjukuu alelewe kwenye ukoo wenye watu. Na kama ingekuwa lazima aondoke, basi aondoke bila kisu kwenye moyo wa mama yake.

Nilikuwa nimejiandaa kwa shemeji, sikuwa nimejiandaa kwa huyu.

Binti alikuwa anatutazama mmoja mmoja. Alishajua kuna kitu. Nikamgeukia mwenyewe, nikamwonyesha kwa alama zangu chache na mbovu: tumbo, anataka, mtoto, kabisa, harudi. Nikanyoosha kidole kwa mama yake, nikafanya alama ya kuogopa na ya kufa. Nilikuwa naogopa kukosea kila alama.

Alielewa. Alimtazama mama yake. Kisha akafunga fundo la kanga upya, akasimama, akaanza kusema kwa mikono, na safari hii mama yake alitafsiri neno kwa neno huku akifuta machozi.

"Anasema, mtoto akilia anatetemeka hapa." Binti alikuwa ameweka kiganja kifuani, pale mgongo wa mtoto ulipolala. "Anasema usiku anamfunga kwake namna hii. Anasema alipopata homa, mimi nilikuwa nimelala, yeye ndiye aliyeniamsha. Ni kweli. Mimi nasikia na nilikuwa nimelala."

Mama mkwe akanyanyuka kwenye kigoda. Alisogea mbele ya mkwewe akanyoosha mikono yote miwili. Alitaka kumshika mtoto.

Binti alinitazama. Sikumwambia ndiyo wala hapana. Nilijua sheria na nilijua taratibu, lakini sikuwa na uhakika na yule mama mkwe, na uamuzi haukuwa wangu. Akafungua kanga, akampa.

Mama mkwe alimpokea, akamnusa kichwani, akageuka, akaanza kutembea kuelekea kwenye gari.

Papo hapo shemeji akaruka ndani ya pikapu na kuiwasha. Wale wawili wa nyuma wakainuka. Nilipiga kelele, na mwenyekiti naye akapiga kelele, lakini yule ambaye kelele zilimhusu hazikumfikia. Aliona moshi wa ekzosi. Alikimbia, akampita mama mkwe bila kumgusa mtoto, akasimama mbele ya gari, mapaja yake yakigusa bampa, viganja viwili juu ya boneti inayotetemeka. Shemeji alipiga honi. Hakusogea. Honi ilimfaa nini?

"Zima gari," mama mkwe alisema.

"Mama, panda."

"Nimesema zima. Nilikuwa nampeleka kivulini, jua linamchoma machoni. Nani alikwambia nimekuja kuiba?"

Sijui kama ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo. Nimejiuliza mara nyingi, na sikuwahi kumwuliza. Injini ilizimika. Mama mkwe alirudi, akamrudishia mkwewe mtoto mikononi, akamshika kidevu na kumtazama, akasema kwa Kisukuma maneno ambayo binti hakuyasikia na ambayo mimi sitayaandika hapa. Polisi walifika tulipokuwa tumeshakaa tunakunywa maji, wakachukua maelezo, wakamwonya shemeji mbele ya wote.

Shauri lilisikilizwa baadaye, mkalimani akiwepo, mwalimu anayefundisha watoto viziwi. Aliondoka ametoka jasho, kwa kuwa alama za nyumbani hazifanani na za shule, lakini mwishowe walielewana. Mtoto alibaki kwa mama, na ukoo wa baba ukapewa haki ya kumwona. Mwalimu yule akakubali kumfundisha mama lugha ya alama siku za gulio, na nikimkuta darasani, mikono yake sasa inakimbia kuliko macho yangu.

Msimu wa kuchuma pamba ulipofika, mama mkwe alikuja na godoro lake. Alisema amekuja kusaidia kuchuma, lakini pamba ilikwisha na hakuondoka. Wale bibi wawili wanagombana kuhusu uji wa mtoto, mmoja anataka mzito na mwingine mwepesi, na mama mkwe ameshajifunza alama nyingi, nyingi zikiwa za kulalamika.

Shemeji hajanisamehe. Nikikutana naye sokoni Bariadi huvuka upande wa pili wa barabara. Mara ya mwisho alikuwa amebeba viatu vidogo vya mpira, vipya, vikining'inia kwa kamba kidoleni, na alipoona nimeviona akaviweka mfukoni.